Mume wangu kakatwa utumbo mwembamba, ninunue glutamini?

MamaNuru: Wadau, utumbo ulijisokota, wakakata sehemu kubwa hadi mwisho karibu na kidole tumbo. Akinywa uji tu, mbio chooni. Duka la dawa wananishawishi unga wa glutamini (kijenzi cha protini), bei kama kodi ya chumba!

Nesi_Mstaafu: Dada, hiyo hela nunua mayai na samaki. Ushahidi wa glutamini ni hafifu. Utumbo uliobaki huzoea taratibu, hata miaka 2, na kinachouamsha ni chakula chenyewe, kidogo kidogo. Maji matupu mengi na soda vitamzidishia kuharisha. Apige mafunda ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuharisha inayochanganywa na maji. Vitamini B12 waulize kliniki: mwisho wa utumbo mwembamba ndio huifyonza, kwa hiyo kwake huenda ikawa sindano maisha yote.

MamaNuru: ORS anaisusa, eti machozi ya chupa.

Kaka_Tumbo: Iweke kwenye friji. Mimi hunywa hivyo.