"Ni maji tu": wamezitupa hatua nilizorekodi kwa siku tatu, wakaweka mtu anayeruka bwawani

Wakuu, nimetoka kuangalia filamu niliyoifanyia sauti, na hasira zimenijaa.

Kuna tukio la dakika mbili hivi, limepigwa Jambiani, Zanzibar. Maji yamekupwa, mama anarudi na gunia la mwani mbichi kichwani, maji yanamfika vifundoni. Hakuna maneno wala muziki. Tukio zima limebebwa na miguu yake. Sauti ya pale pale haikufaa, upepo wa kusi uliiharibu, nikapewa kazi ya kurekodi upya kila hatua kwa kufuata picha.

Siku tatu, kuanzia saa sita usiku bodaboda zikishapungua. Beseni pana, chini nimetandika taulo kuukuu na mchanga juu yake, maana beseni tupu linalia plastiki. Maji nikayapima yaishie kifundoni. Yakizidi, mguu unazama na hewa nyingi, na mlio wa maji ni viputo vya hewa: chenye upana wa milimita 2 kinalia kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,300 hivi, kikiwa kikubwa mlio unakuwa mzito. Nikajitwika ndoo ya mchanga, kwa sababu mtu mwenye mzigo hapigi maji. Anaingiza mguu taratibu akipapasa chini, na sauti yenyewe iko pale anapounyanyua: maji yanauachia, matone yanadondoka, ndipo anakanyaga tena.

Sasa ukumbini nasikia nini? Chubwi! Chubwi! Chubwi! Sauti moja ya kupakua mtandaoni, imerudiwa kila hatua. Mguu wa kushoto chubwi, wa kulia chubwi ile ile. Mwangwi wa kuta umo ndani yake, na mama yuko ufukweni peupe! Hatua ya nne mguu bado uko hewani, chubwi imeshalia.

Safu ya mbele walikaa kina mama waliokuja kutoka huko huko Jambiani. Mmoja akamgeukia mwenzake: "Kaanguka?" Wakacheka. Tukio la huzuni kuliko yote, na wenye bahari yao wanacheka.

Nimempigia mhariri. "Kaka, ni maji tu. Yako yalikuwa madogo mno." Madogo! Ni maji ya kifundoni, ulitaka yalie kama nini? Jack Foley alikuwa akikanyaga hatua za waigizaji huku anatazama picha kule Universal, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, hadi kazi yenyewe ikaitwa kwa jina lake. Karibu miaka 100, halafu mtu ananiambia ni maji tu.

Na jina langu limeandikwa kubwa mwishoni: Sauti.

Nataka hatua zangu zirudishwe, faili ninazo zote, au jina litoke. Mkataba haujasema lolote kuhusu hilo. Mliowahi kudai jina liondolewe, mlianza na barua au mlikwenda moja kwa moja kwa wakili?