Kutengeneza gari mwenyewe uani msimu huu wa baridi na upepo Dodoma: kazi ipi nifanye, ipi niache?

BintiNzuguni

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaoishi kanda ya kati na wanakijua kipupwe chetu.

Nina Premio yenye injini ya 1NZ, cc 1500. Nimekuwa nikijifunza kuihudumia mwenyewe. Nataka kukifahamu chombo ninachopandishia watoto wangu kila asubuhi, na pia nimechoka kukabidhi gari ikiwa na ugonjwa mmoja nikarudishiwa ikiwa na miwili. Oili, filta na plagi nabadilisha mwenyewe. Sasa kazi zimenirundikia.

Breki za mbele zinalia, na nikichungulia kwenye rimu naona pedi zimebaki nyembamba. Alfajiri stata inazunguka kwa uvivu, lakini mchana inashika mara moja. Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavujisha oili. Na mshale wa joto haupandi: asubuhi naendesha mpaka nafika kazini bado uko chini kabisa, unasogea kidogo tu nikikamatwa na foleni.

Shida yangu ni mahali. Sina banda, nina ua wa mchanga wenye ukuta upande mmoja. Alfajiri ni nyuzi 13 au 14, spana zinauma vidole, na jua likishapanda upepo unaanza na vumbi lake. Nisubiri mpaka Septemba hali itulie, au kuna kazi naweza kuzifanya hapahapa? Nina seti ya spana, mita ya umeme na jeki ya mkasi iliyokuja na gari.

FundiKizota

Dada, pole na hongera. Breki hazisubiri Septemba. Pedi ikishuka chini ya milimita 3 badilisha, maana ikiisha kabisa chuma kinakula diski na gharama inakuwa nyingine.

Kwa Dodoma baridi ni usumbufu tu, kinachoharibu kazi ni vumbi. Kwa hiyo jiulize hivi: kazi hii inafungua tundu la kuingia ndani ya injini au kwenye mafuta ya breki? Kama haifungui, ifanye uani. Kama inafungua, tafuta mahali penye kuta. Pedi na betri ni za uani. Tapeti kava iache kwanza, ukiifunua unakuwa umeacha kamshafti na cheni wazi kabisa, na upepo wa Julai hauna adabu. Mvujo mdogo hauui injini, wewe pima oili kila wiki na uongeze inapopungua. Ila angalia isidondokee ekzosi. Ukisikia harufu ya oili inayoungua, usiisubirishe.

Mchangani

Kabla hujagusa breki, tuzungumzie mchanga. Jeki ya mkasi ina kitako kidogo, kwenye mchanga inazama upande mmoja na gari inalala. Tafuta kipande cha mbao nene, walau inchi 2, kipana kuliko kitako cha jeki, ukilaze chini kikae sawa. Tairi za nyuma ziwekee mawe mbele na nyuma, handibreki juu, gia kwenye P. Nati za tairi zilegeze gari ikiwa bado chini, usianze kuzikurupusha ikiwa juu ya jeki.

Ukishainua, weka na tofali mbili chini ya bodi, basi.

FundiKizota

Mkuu Mchangani, kote nakuunga mkono, lakini hapo kwenye tofali nakataa. Tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya, linapasuka mara moja na gari inashuka. La kuchoma ndiyo kabisa. Dada, nunua stendi za jeki jozi moja, za miguu mitatu au minne, na chini yake uweke mbao ileile. Huna, azima. Ile tairi uliyoivua ilaze chini ya bodi kama akiba. Na hata kama kuna stendi, kwenye pedi hakuna sababu ya kuingiza mwili chini ya gari. Kazi yote inafanyika ukiwa umechuchumaa pembeni.

Mchangani

Nimekuelewa mkuu. Dada, fuata hilo la stendi, tofali achana nazo.

BintiNzuguni

Asanteni sana. Stendi nitaazima kwa jirani mwenye kirikuu. Naomba mtu anipitishe kwenye pedi hatua kwa hatua, nimeona video nyingi lakini kila mtu na lake.

FundiKizota

Fanya upande mmoja mpaka uishe ndipo uhamie wa pili, ili ukisahau kitu kinakaaje uwe na upande mzima wa kutazama.

Ukishatoa tairi, kata usukani ili kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) ikuangalie. Nyuma yake kuna bolti mbili, mara nyingi ni spana namba 14. Fungua ya chini, nyanyua kalipa juu. Ukilazimika kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki. Vumbi jeusi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, pedi nyingine zina asbesto na hiyo ni sumu ya mapafu. Lilowanishe na maji yenye sabuni, futa, acha pakauke.

Kabla hujarudisha pistoni ndani, fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya breki. Kama kimejaa, punguza kidogo, kwa sababu ukisukuma pistoni mafuta yanarudi juu na yatamwagika, na yakigusa rangi ya bodi yanaimenya. Hiyo dakika ya mfuniko kuwa wazi ndiyo ya kuilinda: futa mfuniko kwanza, fungua, punguza, funga, halafu ndiyo usukume. Chupa mpya ya mafuta ya breki (DOT 3) nayo usiiache wazi, inanyonya unyevu wa hewani hata huku kwetu kukavu.

Pistoni isukume taratibu kwa klampu, ukiwa umeweka pedi ya zamani katikati. Zile pini kalipa inazotelezea zisafishe na uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida inayeyuka kwa joto na inavimbisha mipira. Vidole vyenye mafuta visiguse uso wa pedi.

Ukimaliza pande zote, KABLA gari haijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Usipoisogeza pistoni hivyo mpaka ikutane na pedi, mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini na gari haisimami. Nati za tairi kaza kwa kurukaruka, yaani moja kisha ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka. Kwa Premio kipimo cha kukazia ni Nm 103. Ukishatembea kidogo, zipitie tena.

Kibaigwa_Lori

Niongeze kuhusu upepo. Sisi tunafungua vitu barabarani kila siku. Huku upepo wa kipupwe unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo paki gari mgongo uelekee huko, boneti iwe upande uliokingwa. Turubai lifunge kati ya ukuta na mti au nguzo upande huohuo, chini ulikandamize kwa mawe, la sivyo litakupigapiga mpaka uchukie kazi. Maji uliyofulia mwagia eneo la kazi, mchanga utulie. Tandika gunia safi la kuwekea nati, nati ikizama kwenye mchanga umekwisha. Anza saa mbili asubuhi, jua limetoka na upepo bado haujachachamaa.

Halafu msije mkawasha jiko la mkaa la kuotea moto karibu na gari. Naona vijana wanafanya hivyo alfajiri. Betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka, petroli ina mvuke, na cheche zinapeperushwa. Ota moto ndani, uje umeshapata joto.

MzeeWaIsuzu

Binti, huo mshale usiopanda ndio umenifanya niandike. Nina hakika karibu yote kwamba themostati ilitolewa. Ni desturi mbaya sana ya mafundi wetu: gari ikichemka mara moja, wanang'oa themostati na kusema nchi hii ina joto, haihitajiki. Dodoma Julai uje uniambie haihitajiki!

Themostati ya injini yako inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Mpaka hapo inayazuia maji yasiende kwenye rejeta, injini ipate joto upesi. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu dakika ya kwanza, na kwenye upepo wa alfajiri injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado ni baridi, inaendelea kumimina petroli ya ziada. Mvuke na petroli vinashuka kwenye oili na havikauki. Fungua kifuniko cha oili ukitazame kwa ndani. Ukikuta utando kama maziwa, kwa gari ya baridi mara nyingi sababu ni hiyo, ingawa uangalie pia kama maji ya rejeta yanapungua, maana hiyo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi.

Rudisha themostati mpya, na ujaze kulenti (dawa ya kupozea injini). Usijaze maji ya kisima. Maji yetu mengi ya Dodoma ni magumu, ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika ndio unaojijenga ndani ya rejeta. Baadaye gari inachemka, na fundi anang'oa themostati tena.

BintiNzuguni

Shikamoo mzee wangu. Nimefungua kifuniko, utando upo kidogo. Maji ya rejeta hayapungui. Nilinunua gari kwa mtu, sikujua kama themostati haimo. Je, hiyo ni kazi ya uani?

MzeeWaIsuzu

Marahaba mwanangu. Ndiyo, unaiweza. Injini iwe imepoa kabisa, hapo baridi ya asubuhi ni faida kwako. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa cha moto kinaunguza uso. Weka beseni chini, kulenti ni tamu na ni sumu, kuku na mbwa watailamba. Ukijaza, washa injini kifuniko kikiwa wazi, mapovu yatoke, ongeza, ndipo ufunge. Kaa ukitazama mshale mpaka upande na utulie.

Mswahili_Edmonton

Salamu kutoka Kanada. Huku majira ya baridi joto linaweza kushuka chini ya nyuzi -30, na watu bado wanafungua magari nje ya nyumba. Gari inalala imechomekwa kwenye umeme, kuna hita ndani ya injini. Glavu ni lazima, chuma kinanata kwenye ngozi. Kulenti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji inavumilia mpaka karibu nyuzi -37. Nyie hamtafika huko, ila faida yake nyingine, kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, ni yenu pia.

Kuhusu stata ya uvivu: kwenye nyuzi -18 betri inabaki na karibu nusu ya nguvu. Kwenye nyuzi 13 inapungua kidogo tu, betri nzima haiwezi kulalamika. Kinachochosha betri hasa ni joto la Oktoba na Novemba, Julai inakuja kuonyesha madhara. Angalia pia oili. Namba ya kwanza kwenye kopo inasema jinsi inavyotiririka ikiwa baridi, na 20W-50 inaibebesha stata mzigo alfajiri. 1NZ ilitengenezewa 5W-30. Pima volti utuletee.

BintiNzuguni

Nimepima alfajiri kabla ya kuwasha: 12.2. Nikipiga stata inashuka mpaka 9.1. Ikiwaka inasoma 14.2.

FundiKizota

14.2 maana yake altaneta (inayochaji betri) ni nzima, usikubali mtu akuuzie nyingine. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6, hiyo 12.2 ni nusu, na kushuka chini ya 9.6 wakati wa stata ni dalili ya uchovu. Usikimbilie kununua. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugua vichwa na ule unga mweupe kwa maji ya moto yenye baking soda, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Ichajishe usiku kucha kwa chaja, iache ipumzike, pima tena. Ikirudi 12.2 yenyewe bila kutumika, imekwisha.

Na hapo kwenye upepo wa baridi, pima upepo wa tairi asubuhi kabla hujatembea. Kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka zinaondoa karibu psi 1.

BintiNzuguni

Basi nimepanga: Jumamosi betri na pedi, themostati wiki inayofuata nikipata halisi dukani, tapeti kava nitaifanyia kwenye banda la shemeji Ipagala. Swali la mwisho, mikono. Inapasuka kwa huu upepo, na sabuni ya unga inazidisha.

Kibaigwa_Lori

Acha sabuni ya unga dada. Mafuta ya alizeti kidogo na sukari kiganjani, sugua, grisi inatoka yote, suuza kwa sabuni ya kuogea. Kabla ya kazi pia paka mafuta, hasa kwenye kucha.

FundiKizota

Ukifika kwa shemeji: ile gundi ya silikoni kwenye kona za tapeti kava inakauka kwa unyevu wa hewani, na hewa ya Julai ni kavu. Iache mpaka kesho yake ndipo uwashe, hata kama kopo limeandika saa chache.