Mwaka wa tatu huu mdogo wangu anasomea udaktari sebuleni Mbagala. China waliowafungia wanafunzi nje tangu korona ya 2020 watupe tarehe ya kurudi!

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za usiku.

Naandika Julai 2022, saa 9 na nusu usiku, kwa sababu nyumba nzima tumeshaamka. Ni alamu ya mdogo wangu. Saa 2 asubuhi ya China ni saa 9 usiku ya hapa Mbagala, na mwalimu hamsubiri mtu. Wiki ijayo wana mitihani.

Kompyuta ameiweka juu ya meza ya kupigia pasi maana soketi iko upande ule. Spika hawezi kufungua, mama amelala chumba cha pazia, kwa hiyo anavaa earphone. Leo wanafundishwa kupima tumbo la mgonjwa. Mwalimu yuko wodini na mgonjwa kitandani, anawaonyesha pa kubonyeza ili usikie kama ini limevimba. Picha ikaganda. Iliporudi mgonjwa ameshafunikwa shuka. Nikamwona mdogo wangu ameweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, anatafuta hiyo sehemu. Nikaondoka pale, nikakaa barazani, nikaanza kuandika.

Nielezeni, huyu mwaka kesho kutwa mtamlaza mtoto wenu mbele yake?

Nianze mwanzo, asije mtu akasema napiga kelele bila hoja. Binti huyu, mdogo wangu, alianza MBBS (shahada ya udaktari) huko China Septemba 2018, kwa hela yetu, hana udhamini. Mzee alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo ada natoa mimi, nauza spea za simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Januari 2020 akaja likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina. Alikuja na begi moja, nguo za mwezi mmoja na zawadi ya mama. Tiketi ya kurudi ilikuwa Februari. Akiwa hapa ndiyo Wuhan ikafungwa, Januari 23. Chuo chake hakipo hata mkoa huo, lakini wakawaambia wasubiri kidogo. Wakasubiri. Machi 26 China ikatangaza kwamba kuanzia Machi 28, saa sita usiku, mgeni yeyote haingii, hata mwenye kibali cha ukaazi ambacho hakijaisha. Cha mdogo wangu kilikuwa hakijaisha. Kimeishia hapa hapa Mbagala, kwenye kabati.

Sikulaumu siku ile. Dunia nzima ilikuwa imechanganyikiwa. Sisi wenyewe hapa mnakumbuka, Machi hiyo hiyo serikali iliagiza kila anayetoka nchi zenye korona akae karantini siku 14 kwa gharama zake. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Watu walilia na bei za hoteli, lakini ilipofika Mei 18 anga likafunguliwa, maisha yakaendelea. Mwenye karantini anahesabu siku. Sisi tunahesabu nini?

Hasira yangu inaanzia hapa. Agosti 2020 wanafunzi wa Korea Kusini wakaruhusiwa kurudi vyuoni China. Agosti 2020, wakuu! Tukafurahi, tukasema zamu yetu inakuja, mama akaanza hadi kuulizia bei ya dagaa wa kufungasha. Septemba 28 mwaka huo huo wakafungua kwa wenye vibali vya kazi na vya familia. Mwanafunzi hayumo. Machi 2021 wakalegeza kwa waliochanja chanjo zao wenyewe, kazi na familia tena, mwanafunzi hayumo. Binti hata hivyo chanjo yao ya Sinopharm ilipofika nchini alikwenda akachoma zote mbili, akasema angalau karatasi iwe tayari. Februari 2022 Beijing wamefanya Olimpiki ya majira ya baridi, wanamichezo wameingia kutoka kila kona ya dunia, wakapimwa kila siku, wakacheza, wakaondoka. Kumbe utaratibu wa kumwingiza mgeni salama wanaujua vizuri tu. Na Juni 2022 wanafunzi wa Pakistani wamepandishwa ndege maalumu Islamabad hadi Xi'an.

Nasikia wanaosema tumefungiwa kwa sababu ya awamu ile ya Magufuli tulivyoficha takwimu za korona. Hapana. Katazo la Machi 28 lilikuwa la dunia nzima, na wakati huo sisi takwimu tulikuwa bado tunatoa. Tuliacha mwisho wa Aprili. Yaliyokuja baadaye ya kutotoa takwimu yametuumiza kwingine, Uingereza walituweka kwenye orodha nyekundu Januari 2021, Oman wakatuzuia Februari. Lakini hata Uingereza walitutoa Oktoba mwaka huo huo. Na hata ukiwa ndani ya hiyo orodha, mwanafunzi mwenye visa alikuwa anaingia, analipia hoteli siku kumi, anatoka, anakwenda darasani. Ghali mno, ndiyo. Lakini mlango ulikuwepo.

Sisi hatukatai masharti. Juni 28, 2022 China walishusha karantini, ikawa siku saba hotelini na tatu nyumbani. Wakisema arobaini tutakaa arobaini. Wapime pua, damu, watakacho. Nitauza pikipiki nilipe hoteli.

Kariakoo jirani yangu wa duka ni Mchina, ndiye ninayechukua mzigo kwake, tunaheshimiana sana. Alikwenda kwao mwaka jana, akapimwa hapa, akakaa karantini kule mpaka akakonda, na kurudi Dar akashuka uwanja wa Julius Nyerere na cheti chake cha PCR, kipimo cha korona, akapimwa, kesho yake alikuwa dukani. Sina kinyongo naye hata kidogo, ni haki yake. Kioo cha simu kinatoka Guangzhou mpaka mkononi mwangu. Mimi kumpeleka mwanafunzi wao aliyelipa ada, haiwezekani.

Na ada wanachukua, tena kwa wakati! Yuan 30,000 kwa mwaka, zaidi ya milioni kumi za kwetu, hakuna hata senti iliyopunguzwa kwa sababu ya kusoma kwa video. Ukichelewa wiki moja anatolewa kwenye darasa la mtandaoni. Bando juu yake, mnaokumbuka vurugu la bei za bando la Aprili 2021 mnaelewa nasema nini. Umeme ukikatika saa 10 usiku anatoka na simu kwenda kwa jirani mwenye jenereta, binti wa watu, usiku ule, mimi nyuma yake na tochi.

Kushona kidonda amejifunzia ngozi ya kuku. Nanunua vipapatio, anachana kwa wembe, anashona, mama anakuja kupika. Anashona vizuri, sitaki kumdhalilisha mtoto wa watu, ana akili kuliko ukoo mzima. Ila ngozi ya kuku haitoi damu na haipigi kelele. Akija kusimama mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika wana haki ya kumuuliza ameshika wagonjwa wangapi. Mimi mwenyewe ningeuliza.

Mwaka jana chuo kilihitaji vyumba vya hosteli, vitu vyake vikatolewa. Mwenzake aliyebaki kule akatuma picha WeChat: viroba vinne stoo, vimeandikwa namba ya chumba kwa kalamu nyekundu. Kimoja kimepasuka, unaona pindo la blanketi alilopewa na mama siku anaondoka 2018. Mama aliomba simu, akaikuza ile picha kwa vidole, akaiangalia muda mrefu, akanirudishia bila kusema kitu.

Ofisi zinazohusika nimekwenda. Moja nimekwenda mara tatu, mara ya tatu dada wa dirishani akaniambia, "Kaka yangu, na sisi tunasubiri kama nyinyi." Wakala aliyetuunganisha na chuo hapokei simu, ila matangazo ya kupokea wanafunzi wapya anaendelea kubandika. Wapo watoto walioandikishwa 2020 wanamaliza mwaka wa pili hawajawahi hata kuliona geti la chuo!

Ninachotaka si kikubwa. India ubalozi wao Beijing ulitoa fomu, kila mwanafunzi anayetaka kurudi ajaze kabla ya Mei 8, 2022, majina yakakusanywa, nchi ikaenda mezani na orodha mkononi. Hapa nyumbani fomu kama hiyo haijatufikia. Nani anayo orodha yetu? Wako wangapi, miji gani, mwaka wa ngapi? Serikali yetu na China tunaambiwa ni ndugu tangu enzi za TAZARA. Basi huo undugu utumike kuomba tarehe moja tu, hata iwe ya mwakani, mtu ajue anajipanga vipi. Na kama tarehe haipo, watamke, vyuo vya hapa vikae viseme vitawapokea mwaka wa ngapi na kwa vigezo gani.

Mwenye ndugu kwenye hali hii aandike hapa chini mji, kozi na mwaka wa masomo tu, majina na namba za simu msiweke hadharani. Nitakusanya mwenyewe kwenye daftari la duka, nichape, nipeleke.

NYONGEZA, saa 4 asubuhi: Nimesoma maoni yenu. Mnaosema "aachane nayo aanze upya hapa", nimemuuliza zamani. Ana miaka 23, ada ya miaka minne imeshaliwa, mwaka wa kwanza tena na watoto waliomaliza form six juzi. Alinijibu, "Kaka, ukinichosha niambie, lakini mimi sijachoka." Kwa hiyo msiniulize tena hilo. Mpaka sasa nimepata majibu ya watu kumi na moja, wa Temeke wawili, Mwanza mmoja. Endeleeni kuandika, daftari liko wazi.