Tabora: Duka kubwa la zamani linabomolewa kwa ndani mchana kweupe, na sisi tunapita tu!

Wakuu, nimetoka mjini sasa hivi, hasira zimenikaba mpaka chakula kimenishinda.

Wenyeji mnalijua lile duka la kona lenye baraza refu na nguzo nene. Enzi za RTC, yale maduka ya serikali ya mkoa, ndiko tulikopelekwa kununuliwa sare za shule. Vitambaa upande huu, masufuria upande ule, baiskeli kule nyuma. Miaka ya 80 bidhaa zikaadimika, ukaingia ukakuta rafu tupu, lakini jengo lilibaki jengo. Jina la mwenye duka wa kwanza liko pale juu kwa herufi za saruji, na chini yake mwaka, ingawa siku hizi inasomeka 19 tu, mvua imekula zilizobaki.

Leo nimepita, herufi zote zimepakwa rangi ya kampuni ya simu. Rangi ya mafuta, juu ya ukuta wa chokaa! Ukuta ule unapumua. Ukiuziba, unyevu unakosa pa kutokea, na masika mawili tu plasta inaanza kudondoka. Halafu watasema jengo limechoka, livunjwe.

Nikaingia ndani. Ukumbi wote umekatwa fremu, vyumba vidogo vya biashara, kwa jipsamu, dari imeshushwa, matundu ya hewa ya juu yamezibwa. Waliojenga pale hawakuwa na feni. Dari ilikuwa juu ili joto lipande na kutokea kwenye matundu, na baraza lilizuia jua lisipige ukuta. Sasa mwezi wa kumi ukifika, kwa joto letu hili, kila mpangaji atanunua feni yake na luku yake, kwa kitu ambacho jengo lilikuwa linakifanya bure.

Kilichoniumiza zaidi ni sakafu. Kijana ana nyundo na tindo, anang'oa terazo, ile sakafu ya saruji na vijiwe iliyosuguliwa ikang'aa, ili wapige marumaru. Terazo nyekundu na nyeusi, yenye uzi wa shaba katikati, imekanyagwa miaka yote hiyo na haina ufa! Nikamwambia, "Kijana wangu, hii huipati tena." Akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, bosi kasema itoke." Simlaumu yeye. Kipande nimeokota, kiko mezani hapa, kina vijiwe vyeupe na chembe ya kioo cha kijani.

Msiniambie sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye mpaka waziri atangaze. Reli imefika Tabora 1912, kwa hiyo mji karibu wote tunaouona, uliokuja na reli, hauna kinga hadi mtu aombe. Nani ameomba? Tunapeleka wageni Kwihara, kwenye nyumba alimokaa yule msafiri Mzungu Livingstone, tukirudi mjini tunavunja cha kwetu.

Sipingi fremu, watu wanatafuta riziki. Fremu zingekaa bila kugusa sakafu wala dari. Wenye picha za zamani za ndani ya duka lile wekeni hapa, na anayejua utaratibu wa kuandika barua kwa waziri aseme, nitaandika kesho asubuhi.

Ile kaunta ndefu ya mninga niliulizia bei nikainunue. Wameshaikata, wametengenezea jukwaa la mafundi rangi.