Tupeane uzoefu: injini za turbo zinakufia wapi hapa Tanga?

Mpwani_Chumbageni: Wakuu, kuna Impreza WRX imevutwa kwa kamba kutoka Pongwe hadi mjini. Silinda namba 4 haina kompresheni. Wenye EJ20 (injini ya Subaru kama hii) na wenye 1JZ (ya Toyota), tuelezane: zinaanza kuharibika vipi?

Fundi_EJ: Namba 4 tena! Mkuu, ulizia kwanza kama ilisetiwa Arusha. Kule ni mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ya nje ni kama bar 0.86. Kontrola ya mkono ya bosti (kanieneo ya hewa inayosukumwa na turbo) inakazwa mpaka geji isome bar 1, kwa hiyo injini inakula bar 1.86. Gari likipita Segera na kuingia Tanga, geji inasoma bar 1 ileile, maana springi ya westigeti (valvu inayozuia bosti isizidi) inapimana na hewa ya nje tu. Ndani zimeshafika bar 2. Kompyuta inaona hewa imezidi, inaamuru mafuta yaongezwe, ila nozeli zilishakaribia mwisho wa uwezo wake na pampu ni kuukuu. Mchanganyiko wa hewa kwa mafuta uliokuwa 11.2 kwa 1 unaweza kupanda hadi 12.5. Juu ya hapo, programu ya Japani iliandikwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100, na ya kwetu haifiki huko.

Sasa dereva yuko gia ya nne, mizunguko 3,500, anakanyaga mpaka chini. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati. Mlio ni wa kokoto ndani ya kopo, lakini egzosi kubwa inaufunika. Sekunde chache tu, ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili unapasuka, kwa sababu pistoni za kiwandani ni za kumiminwa, hazihimili kugongwa. Moshi wa bluu, gari linatetemeka likiwa limesimama, oili inatemwa kwenye bomba la kupumulia. Toa plagi uitazame juani: kwenye kauri nyeupe kuna vidoa vidogo vya alumini vinavyong'aa. Ukiviona usipige tena stata, vipande vitakwangua silinda.

Mama_JZX: Hapo umesema kweli tupu.

Raskazone_Boost: Suluhisho rahisi: weka valvu ya kupumulia nje, turbo inapumua vizuri.

Fundi_EJ: Hapana kaka, usimpotoshe mtu. EJ20 nyingi zina sensa inayopima hewa kabla ya turbo. Ukiitoa nje hewa iliyokwisha pimwa, kompyuta inaendelea kuimiminia mafuta. Ukiachia resi gari linamwaga moshi mweusi na kuzimika kwenye taa za barabarani za Mkwakwani.

Raskazone_Boost: Mbona Toyota Chaser yenye 1JZ haizimiki?

Mama_JZX: Kwa sababu 1JZ inapima kanieneo ndani ya manifoldi. Msigombane, ni mifumo miwili. Ila na sisi tuna letu: 1JZ ya kabla ya 1996 ina turbo mbili zenye gurudumu la kauri upande wa egzosi. Ukivuka bar 0.9 kauri inapasuka. Ishieni bar 0.8.

Dogo_Muheza: Bar 1 inakaa vizuri tu.

Mama_JZX: Inakaa mpaka siku isipokaa, mwanangu.

Fundi_EJ: Mwenye nia ya kuongeza bosti apime kompresheni kwanza: injini ya moto, plagi zote nje, resi mpaka mwisho. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, bosti ibaki ya kiwandani. Plagi ziwe za baridi kwa hatua moja kuliko za kiwandani, mwanya milimita 0.7. Na kwa joto letu, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya juu ya injini ikishaiva kwenye foleni, iache ipate upepo dakika chache kabla ya kukanyaga.

Mpwani_Chumbageni: Oili je? 5W-30?

Dogo_Muheza: Weka nzito kabisa, mkuu.

Fundi_EJ: 5W-40 inatosha. Kwenye EJ255 (Subaru ya lita 2.5) fungua pia bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo. Ndani yake kuna kichujio kidogo cha waya. Kikiziba kwa tope, turbo inakauka na shafti inakatika. Kisafishe kila ukifungua, au bora ubadilishe.