Naomba ushauri: nataka kutengeneza tela la baiskeli la kubebea mpunga

Mvunaji:
Habari za muda huu wakuu. Niko Ifakara. Mpunga tunaupeleka mashineni kwa baiskeli: gunia linafungwa kwenye keria kwa mpira, na likishakuwa lumbesa hupandi tena, unasukuma tu. Tukikodi pikipiki faida yote inaishia njiani. Nina rimu mbili za mbele za Phoenix, inchi 28, na fundi wa kuchomelea ni jirani. Wazo langu ni fremu ya skwea paipu ya inchi moja, na mkono wa kuvutia ufungwe kwenye bomba la siti. Mzigo kama kilo mia hivi. Waliowahi kutengeneza naombeni mnielekeze kabla sijakata chuma.

Fundi Vyuma:
Mkuu, kwenye siti usifunge kabisa. Ukishika breki tela linaendelea kukusukuma. Likikusukumia juu kule kwenye siti, tairi ya nyuma inapungukiwa uzito na kuteleza, na ukiwa kwenye kona utaenda chini na mzigo wako. Funga chini, kwenye ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, maana kulia kuna cheni. Mkono utoke hapo kushoto, upite nje ya tairi, ndipo upinde kurudi katikati ya tela.

Kiungo ndicho kitu cha kukaa nacho muda mrefu. Lazima kicheze kulia na kushoto, juu na chini, tena kijizungushe, ili baiskeli ikianguka tela libaki limesimama. Kipande cha mpira mnene wa maji, ule wenye uzi ndani, urefu wa kiganja, kikibanwa kwa bolti kila upande kinafanya yote matatu. Pembeni yake pitisha cheni ya akiba, mpira ukikatika tela lisikuache.

Kijana wa Spoki:
Naongezea kwenye magurudumu. Rimu ya baiskeli haishikwi upande mmoja kama ya gari. Ekseli yake ni nyembamba, imezoea kubanwa na foki huku na huku. Ukiining'iniza upande mmoja na kilo mia juu, inapinda. Weka bomba ndani na bomba nje ya kila tairi, ncha za ekseli zikae kwenye vipande vya flati baa vilivyokatwa mdomo kama wa foki. Tairi ikipata pancha unalegeza nati mbili tu.

Halafu kumbuka, baiskeli ikikata kona inalala, tela halilali. Nguvu ya pembeni yote inabebwa na spoki. Mimi ningetafuta rimu za inchi 20 za baiskeli za watoto, ni fupi na ngumu zaidi.

Fundi Vyuma:
Kwa lami nakubaliana nawe. Kwa tope la masika la Kilombero abaki na 28, rimu ndogo inazama kwenye kila shimo. Akaze spoki zote upya, na sakafu ya tela aishushe katikati ya magurudumu, chini ya usawa wa ekseli, mzigo usikae juu.

Mama Tenga:
Kaka, umepima njia? Magurudumu mawili hayapiti juu ya tuta la majaruba.

Mvunaji:
Shikamooni wakubwa, nashukuru sana. Dada, majarubani tunabeba kichwani mpaka barabara ya vumbi, tela litasubiri pale. Siti nimeachana nayo. Bado najiuliza, gunia likae wapi hasa, na breki itatosha?

Mama Tenga:
Likae mbele ya ekseli kidogo. Mimi navuta matenga ya nyanya, na kabla sijaondoka nainua mkono wa tela: nikihisi uzito wa kilo tano hadi kumi, naenda. Mkono ukiwa mwepesi mno mzigo umekaa nyuma, na tela litakuyumbisha barabara nzima.

Fundi Vyuma:
Hizo breki za vyuma zikilowa hazishiki. Nunua raba mpya, na kila penye mteremko shuka usukume. Nyuma ya tela funga riflekta nyekundu mbili, moja kila kona, maana msimu wa mavuno mtarudi usiku. Ukishachomelea fremu weka picha hapa kabla ya kupaka rangi, nizione hizo pembe.