Mkono unamtetemeka, nikamfuata, nikaliwa. Nilikosea wapi?

Mwana Katuba:
Wakubwa, jambo. Kila Ijumaa jioni tunakaa watu sita huku Katuba, Lubumbashi, tunacheza pokeri ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Kila mtu anaingia na dola 20. Kuna fundi mmoja wa friji, miezi mitatu sasa ananila mimi tu.

Ijumaa iliyopita nimeshika asi na 10. Mezani zikafunguliwa asi ya shupaza, 10 ya kopa, 4 ya kopa. Nikatia pesa, akafuata. Ya nne 9 ya maua, nikatia tena, akafuata. Ya tano, 2 ya kopa. Hapo akasukuma dola 11, zote zilizombakia. Vidole vinamtetemeka mpaka jetoni moja, kile kipande cha kuhesabia pesa, ikaanguka chini ya meza, tukaitafuta kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Nikasema huyu anaogopa, anadanganya, anatia bila karata. Nikamfuata. Akafunua kopa mbili: na tatu za mezani ni kopa tano, zikapiga jozi zangu mbili. Mtu wa hivi anasomwaje?

Yaya Mkubwa:
Pole mdogo wangu. Uliona vizuri, ukasoma vibaya. Mkono unaoanza kutetemeka ghafla mara nyingi ni wa mtu aliyepata karata kubwa: alikuwa amebana pumzi, sasa mwili unaachia. Anayedanganya anakauka kama mti, hata mate anaogopa kumeza. Mcheza pokeri Mmarekani, Mike Caro, aliyaandika hayo mwaka 1984: asiye mzoefu akijifanya mnyonge, ana nguvu, akijifanya mkali, mara nyingi hana kitu. Anayekutolea macho na kupiga jetoni kwa kishindo, huyo ndiye wa kumfuata. Anayehema "aa, basi natia tu", kimbia, tupa karata.

Mhasibu:
Mimi mikono naiangalia mwisho. Kopa ziko 13. Zile tatu za kwanza zikishafunguliwa, yeye anaona nne, mbili zake na mbili za mezani, zimebaki 9 kati ya karata 47 asizozijua. Kufika karata ya tano ya mezani, kopa anayoikosa anaipata karibu mara 35 katika 100. Amefuata mara mbili bila kupandisha, kopa ya tatu inashuka mezani, ghafla anaweka vyote. Namna alivyotia pesa imeshakuambia, wewe unahesabu vidole! Wengine wanatetemeka kwa njaa tu. Mchunguze kwanza akiwa hana kitu: anashikaje glasi, anachelewa kiasi gani. Ukishajua kawaida yake, ndipo mabadiliko yatakuambia kitu.

Mama Bukari:
Dola 20 kila Ijumaa. Bibi yako anajua?

Mwana Katuba:
Anajua mama, karanga za mezani anakaanga yeye.

Yaya Mkubwa:
Na akipoteza pesa nyingi, huyo fundi anakuwaje?

Mwana Katuba:
Anakasirika yaya. Michezo mitatu, minne hivi, anaingia na karata zozote, na hakimbii hata umpandishie.

Yaya Mkubwa:
Basi udhaifu wake ndio huo, achana na vidole. Saa hiyo usimdanganye kabisa, mtu asiyekimbia hadanganyiki. Ngoja ushike karata kweli, umtoze bei kali.

Mhasibu:
Swali langu ni lingine. Mko sita, kwa nini anakula wewe tu?

Mwana Katuba:
Nimerudi. Swali la Mhasibu lilininyima usingizi, nikamuuliza mdogo wangu, huwa anakaa nyuma yetu. Akacheka mpaka machozi. "Yaya, ukipata karata nzuri unaacha kutafuna karanga. Wote tunajua." Ijumaa nitaomba zisiletwe.

Yaya Mkubwa:
Wee, zilete! Tafuna kama kawaida, Ijumaa mbili hivi. Halafu ukipewa 2 na 7 za alama tofauti, karata mbovu kuliko zote za kuanzia, tena ukiona fundi hajakasirika bado, weka karanga chini polepole, pangusa mikono, tia.

Mama Bukari:
Na chumvi ipunguzwe, mtu anakunywa sana.